Hatuko Naye Tena

Vidole vya Annet havikujua kutulia. Hata akila, mkono mmoja ulikuwa kwenye sahani na mwingine ukipangusa kioo cha simu, juu, juu, juu, kama anayefukuza inzi. Ukimuuliza anatafuta nini humo, alikutazama kama umemtukana, maana hata yeye hakujua. Alikuwa na miaka kumi na sita, siniya ya tatu, yaani kidato cha tatu, na likizo ilikuwa imefikisha siku kumi na mbili. Shuleni simu ni marufuku. Ukikamatwa nayo inafungiwa kabatini hadi mzazi aje. Kwa hiyo muhula mzima, hadi arudi nyumbani jioni, Annet aliishi kama mtu aliyefunga, na likizo ilipoingia akafuturu asubuhi, mchana na jioni.

Alikaa Mvara kwa shangazi yake Santa, kwa ajili ya shule. Mama yake, Betty, alikuwa Koboko, mji wa karibu na mpaka wa Sudan Kusini, akiuza samaki wakavu sokoni. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa askari, na watoto wa askari hulelewa kwa Kiswahili cha kambini: chai iko, baba hakuna, watoto iko shule. Ndicho Kiswahili alichokinyonya Annet pamoja na maziwa, na ndicho kilichokuwa kikimtia aibu siku hizi.

Aibu hiyo aliipata simuni. Kwa mwaka mzima alikuwa akifuata video za wasichana wa Dar es Salaam na Mombasa, wanavyopika, wanavyochambana, wanavyolia, na Kiswahili chao kikamwingia hadi ulimi ukahama nyumba. Akaanza kurekodi video zake mwenyewe, akisema "hayupo" na "sinacho" kwa sauti laini, na watu elfu moja na mia moja wakamfuata. Wengi walidhani ni mtu wa pwani. Annet hakuwasahihisha hata siku moja, lakini alimsahihisha mama yake kila wakati.

"Mama, husemi 'mimi iko hapa'. Unasema 'nipo hapa'."

"Nikisema iko," Mama alimjibu siku moja, huku akigeuza samaki juani, "wewe hauoni mimi?"

Kitu kingine alichokipenda ni kuwa wa kwanza. Lori lilipopinduka karibu na Kuluva mwezi wa pili, Annet aliweka picha kabla redio haijasema neno, na siku nzima watu walimwandikia, dada uko juu, dada habari zote unazo wewe. Maneno hayo yalimkaa tumboni kama chakula cha moto. Tangu siku hiyo, kila simu ilipolia alishtuka kwa tamaa, akiomba liwe jambo, na jambo lisipokuwapo alihisi kama amenyimwa.

Jumanne ya wiki hiyo Mama alipiga simu. Yeye alikuwa na simu ndogo ya tochi, isiyo na intaneti, na nusu ya siku ilikuwa imezimwa ili kuhifadhi chaji.

"Dramadri hakuna," alisema. "Alisema Jumatatu atafika. Simu yake haipatikani. Wewe iko na simu ya kuona kila kitu. Niangalie kaka yako."

Dramadri alikuwa kaka yake wa pekee, mwenye miaka ishirini na mbili. Alifanya kazi ya utanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la Sebit, dereva kutoka Sudan Kusini aliyepeleka unga Yei, ng'ambo ya mpaka, na kurudi na mbao. Ile barabara ya kutoka mpakani hadi Yei wote walijua ilivyo ya hatari, na ndiyo maana Mama aliongeza neno, polepole, kama anayeweka yai chini.

"Na kama ni mbaya, Annet, unakuja na miguu yako. Haunipigii. Hautumi mutu. Unakuja, unakaa na mimi chini, unaniambia."

Annet alijua neno hilo linatoka wapi. Kifo cha baba yao Mama alikisikia sokoni, kwa mteja asiyemjua, aliyekuwa akichagua samaki huku akisimulia habari za askari waliouawa. Tangu siku ile presha ilimwingia mwilini. Mwaka jana tu alilazwa wiki mbili, na muuguzi aliwaambia Annet na kaka yake waziwazi kwamba huyu mama asipewe habari za ghafla, moyo wake hauna tena nafasi. Annet aliahidi. Akamwandikia Sebit kwa Kiswahili, kwa sababu Sebit hakujua Kilugbara na Annet hakujua Kiarabu cha Juba: "Shikamoo kaka Sebit. Dramadri yuko wapi?"

Tiki moja, yaani ujumbe haujamfikia. Jumatano, tiki moja. Alifungua ujumbe ule labda mara mia mbili, na katikati ya kila mara na mara aliangalia video tatu, kisha tano, kisha akasahau, kisha akashtuka.

Alhamisi saa nne asubuhi, shangazi Santa akiwa amekwenda hospitalini Kuluva kumtazama mgonjwa wa kanisani, simu ikalia. Jibu la Sebit lilikuwa hivi: "Hatuko naye tena. Simu inazima."

 Annet akapiga, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Sasa mtu angetegemea akae chini, au aite jirani, au apige yowe. Annet hakufanya hata kimoja kati ya hivyo. Katika ule mwaka mmoja alikuwa ameona matangazo ya misiba ya watu wa Dar yasiyo na idadi, na yote yalianza vivyo hivyo: hatunaye tena. Macho yake yalisoma maneno ya Sebit, kichwa chake kikayanyoosha yawe Kiswahili safi, na vidole vikafanya vilichozoea kufanya.

Alichagua picha ya Dramadri akicheka mbele ya lori, kavaa shati lake la bluu. Akaweka mshumaa. Akaweka maua meupe, akaona hayapendezi, akajaribu ya njano, mwishowe akapata ya bluu yaliyolingana na shati. Akatafuta wimbo wa majonzi. Akaandika: "Hatunaye tena. Pumzika kaka yangu, pengo lako halitazibika." Akabonyeza. Dakika nne kwa jumla.

Machozi yalikuja baadaye, msichana mmoja wa Tanga alipoandika, "Pole sana dada, Mungu akutie nguvu." Hapo Annet alilia kwelikweli, kichwa kwenye kiti cha shangazi, akiita jina la kaka yake. Lakini alilia simu ikiwa mkononi. Kila ilipotetema alifuta jicho moja akatazama. Watu themanini. Watu mia na hamsini. Mtu mwenye wafuasi wengi, ambaye hajawahi kumjibu, alimwandikia kwa mara ya kwanza. Katikati ya uchungu ule alihisi kitu kitamu kikipita kifuani, akakijua, akakichukia, na bado akatazama tena. Watu mia tatu na kumi.

Ndipo Mama alipomjia akilini. Mama hakuwa na intaneti, lakini Koboko nzima ilikuwa nayo. Night, jirani yao muuza chai, hakupitwa na stetasi ya mtu yeyote.

Alitoka mbio bila kufunga mlango. Pale kwenye kituo cha bodaboda chini ya shule alikuwapo Swaib, mtu mzima mwenye watoto watano, aliyembeba Annet tangu akiwa darasa la pili na ambaye hakuchoka kumtania kwa Kiswahili chake kipya. Kila asubuhi alimwamkia, "Bibi wa Mombasa, iko salama?" Leo alipomwona alivyokuja hakutania.

"Nipeleke Koboko," Annet alisema. "Sasa hivi. Dramadri amefariki."

Swaib alijishika kifua. "Nani alileta hiyo neno?"

Annet akampa simu. Swaib aliisoma akiwa ameisogeza mbali na macho, midomo ikitembea. Akaisoma mara ya pili. Kisha akamtazama Annet kwa namna ambayo Annet hakuielewa.

"Hapa hakuna mutu amekufa," alisema.

"Si umeona? Hatunaye tena."

"Mimi sioni 'hatunaye'. Naona 'hatuko naye'. Hiyo ni Kiswahili ya Sebit, hapana ya Dar yako. Sebit ni mutu ya gari. Dramadri alikuwa ndani ya gari, sasa hako ndani. Ameteremuka. Hatuko naye tena."

"Ameteremkia wapi? Kwa nini?"

"Mimi nitajua wapi? Uliza Sebit."

Annet aliichukua simu akayatazama yale maneno matatu mpaka yakamcheza machoni. Alikuwa ameyasikia tangu utotoni. Hatuko na chumvi. Hatuko na maji. Angeyasikia kwa masikio, kwa sauti ya Sebit, asingebabaika hata kidogo. Lakini Swaib naye alikuwa akikisia tu, na kaka yake alikuwa hajulikani alipo kwa siku ya nne. Sasa alikuwa na kaka wawili kichwani, mmoja maiti na mmoja aliyeshuka garini, na hakujua yupi ni wake.

Aliifuta ile picha hapohapo. Ilikuwa kazi bure. Kwenye kundi la Vijana wa Mvara mtu alikuwa ameshaipiga skrinshoti, mwingine akaitengenezea fremu nyeusi na kuandika chini yake, "Taratibu za mazishi zitatangazwa." Annet akaandika: "Jamani si kweli. Nilikosea. Huenda yuko hai." Majibu yakamiminika.

"Pole dada, kukataa ni kawaida mtu akifiwa."

"Jikaze Annet. Kubali ili upone."

"Kuna mtu yuko naye karibu? Asiachwe peke yake."

Akaandika tena na tena kwamba anasema kweli, na kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kumhurumia. Swaib alimnyang'anya simu akaitia kwenye mfuko wa jaketi lake, akafunga zipu. "Panda," alisema.

Annet akampigia Night kabla hawajaondoka, kwa simu ya Swaib. Inatumika. Akapiga simu ya Mama. Imezimwa. Akapiga ya Night tena, bado inatumika, na hakuna kitu kilichomtisha kama kutumika kwake, maana alijua Night akiwa na simu sikioni muda mrefu hivyo ana habari anayoigawa.

Barabara ya Koboko ni lami nzuri, na Swaib aliikamata kwa mwendo ambao siku nyingine Annet angeurekodi. Pikipiki ilinguruma, na ndani ya mngurumo alisikia yale maneno yakibadilishana zamu, hatunaye, hatuko naye, hatunaye, hatuko naye. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kikipangusa hewa. Alikiona, akakikunja ndani ya ngumi, na walipofika Maracha akakikuta kimetoka tena. Mara tatu alimwomba Swaib asimame amtazamie simu, na mara tatu Swaib akajibu bila kugeuza kichwa, "Simu haitakufikisha." Aliomba kwa Mungu, na ombi lenyewe lilikuwa baya, maana hakujua aombe nini kwanza, kaka yake awe hai au mama yake asiwe amesikia. Aliona haya kwamba lile la pili ndilo lilikuwa likitoka kwa nguvu.

Walipopinda kuingia mtaani kwao, mchana saa sita na nusu, alisikia kilio kabla ya kuona nyumba.

Turubai lilikuwa limeshafungwa upande mmoja, upande wa pili wanaume wawili walikuwa wakivuta kamba. Viti vya kanisa vilikuwa vimefika. Sufuria kubwa ya maharage ilikuwa jikoni kwa jirani, na mlangoni alisimama Night, kitambaa kichwani, macho mekundu, simu bado mkononi. Wanawake walipomwona Annet waliangua kilio upya, wakamjia mikono wazi, wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine hata akashindwa kupumua.

"Hajafa," alisema kwenye mabega yao. "Mama zangu, hajafa. Sikilizeni."

"Ndiyo, mtoto," walimjibu wakimpapasa mgongo. "Ndiyo. Lia."

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani, miguu imenyooshwa, kilemba kimeanguka. Hakuwa akilia. Pumzi ilikuwa ikiingia kidogokidogo na kutoka kidogokidogo, na mwanamke mmoja alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi. Midomo yake ilikuwa imepauka. Annet alipiga magoti mbele yake na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu alimwona mama yake anavyofanana na mtu anayeondoka.

"Mama. Dramadri yuko hai."

Mama aliinua mkono mmoja, na vilio vikapungua. 

"Nani alikuambia iko hai?"

"Simu, Mama. Ujumbe wa Sebit."

"Na nani alikuambia amekufa?"

 "Simu."

"Simu hiyohiyo?"

"Hiyohiyo. Ujumbe huohuo."

Wanawake walitazamana. Mmoja akanong'ona kwamba mtoto amechanganyikiwa, apewe maji. Mama hakugeuka.

"Soma," alisema.

Swaib, aliyesimama mlangoni kofia mkononi, akatoa simu mfukoni akampa Annet. Annet akafungua, akasoma kwa ile sauti yake laini ya video, maana ndiyo iliyomjia, "Hatuko naye tena. Simu inazima."

"Hapana hivyo. Soma na mdomo ya Sebit. Hapana na mdomo yako."

Chumba kizima kilikuwa kikimtazama. Annet alifumba macho akamtafuta Sebit kichwani, yule mtu mrefu mwenye meno ya mbele yaliyoachana, anavyokaa pale barazani na kikombe cha chai, anavyoanza sentensi kwa nguvu na kuimalizia puani. Akasema kama yeye. "Hatuko naye tena."

 Pumzi ya Mama ikabadilika, ikaingia ndefu kidogo.

"Mwezi iliyopita," alisema, "Sebit alikunywa chai hapa. Akafungua kopo yangu akaniambia, Mama, hatuko na sukari tena." Akawatazama wale wanawake, mmoja baada ya mwingine. "Sukari ilikufa?"

Mwanamke mmoja akacheka kwa pua, akajiziba mdomo haraka. Nje zile kamba za turubai zikaacha kuvutwa. Hakuna aliyejua la kufanya na uso wake, maana walikuja wamejiandaa kulia na sasa ilikuwa haifai kulia na haifai kuondoka.

"Lakini mimi siamki hapa," Mama alisema. "Mimi sijui Sebit alikuwa na maana gani. Annet hajui. Swaib hajui. Dramadri akuje na miguu yake. Asipokuja, turubai iko tayari."

Wakangoja. Kama kuna kitu Annet hakuwa amejifunza duniani ni kungoja, na alifunzwa kwa nguvu mchana ule. Alimpigia Sebit kila dakika tano, kisha kila dakika mbili. Aliketi, akasimama, akaenda hadi barabarani, akarudi. Aliogopa kumtazama Mama na aliogopa kuacha kumtazama. Simu yake haikukoma kutetema, pole juu ya pole, watu mia sita sasa, na alizipita zote akitafuta jina moja tu. Mmoja aliandika kutoka Dar: "Dada, tunaomba utupostie mazishi, tuko pamoja nawe." Annet aliusoma ujumbe huo mara mbili, akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko kidogo akiwa ameshika ukuta.

Saa tisa na robo simu ya Night ikalia. Namba ngeni. Night alisikiliza, macho yakamtoka, akaitupa simu mapajani mwa Mama kana kwamba imemuunguza.

Sauti iliyotoka mle ilikuwa ikipiga kelele. "Night? Ni mimi Dramadri. Iko nini huko nyumbani? Niko Oraba hapa mpakani, watu wananikimbia. Kijana mmoja ameniambia mimi nimekufa na ameona maua yangu."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. "Sema jina ya baba yako," alisema.

Akalisema.

"Sema ile jina mimi nilikuita ukiwa mdogo."

Kijana mkubwa aliona aibu, maana alijua simu inasikika nyumba nzima. Kisha akalisema nalo, kwa sauti ya chini, na wanawake wakaangua kicheko kilichokuwa nusu kilio. Mama hakucheka. "Kuja," alisema, akamrudishia Night simu yake. Bado hakuinuka mkekani.

Alifika saa kumi na nusu, vumbi hadi kope, nyuma ya bodaboda ya mtu wa Oraba. Kisa chake kilikuwa kifupi kuliko kilio alicholiliwa. Lori jingine la tajiri wao lilikuwa limevunjika ekseli njiani, Sebit akamwacha pale Dramadri alinde mzigo pamoja na dereva wa lori hilo, naye akaendelea. Simu ilikuwa imemdondoka matopeni siku ileile. Walilala siku tatu chini ya lori, wakala unga wa mzigo, ekseli ikaja, wakaondoka. Basi.

Mama alimkalisha kwenye mkeka akampapasa. Alianza kichwani, akashuka masikioni, mabegani, mikononi, akahesabu vidole kama wanavyohesabiwa watoto wachanga, akafika hadi miguuni na kuzishika nyayo kwa nguvu. Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Annet alisimama mlangoni. Alitaka kwenda kukaa nao, lakini hakuona mahali pake.

Maharage ya msiba yaliliwa kwa furaha. Wanaume walikunja turubai wakimtania Dramadri kwamba amewapotezea siku, na Dramadri, aliyekuwa mtu wa mizaha, akapita akisalimia kila mtu na kumwambia, "Pole na msiba wangu." Watu walicheka hadi machozi. Alipomfikia dada yake alimvuta sikio, akasema, "Wewe," halafu akaona uso wake, akaacha kucheka, akampitisha mkono begani kidogo kabla ya kwenda kunawa.

Jua lilipoanza kushuka, watu wakapungua. Rangi ilikuwa imemrudia Mama usoni. Akamwita Night akamwomba amwonyeshe ile picha, maana aliomboleza siku nzima kwa kitu ambacho hakuwa amekiona. Annet alikuwa ameifuta, ila Night alikuwa amejihifadhia. Alibonyeza, na wimbo ukaanza kulia taratibu katika kile chumba, na Dramadri akaonekana akicheka mbele ya lori, mshumaa ukimwaka ubavuni.

Mama aliitazama kwa makini, kama anavyotazama samaki kabla ya kununua. Annet alikuwa ameketi pembeni ya mkeka, mikono mapajani.

"Ni mzuri," Mama alisema. "Maua inafanana na shati yake."

Wimbo ukaisha, ukaanza upya.

"Uliweka wewe?"

"Mimi, Mama."

"Ulijua namna gani inafanana?"

"Nilijaribu meupe. Halafu ya njano. Halafu ndiyo nikapata haya."

Mama akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na Annet angetoa chochote ili awe nayo. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua njia.

"Ulilia kwanza, ama uliweka maua kwanza?"

Nje Dramadri alikuwa akimsimulia mtu upya jinsi alivyokufa. Annet alikuwa na maneno mengi, Kiswahili chote cha Dar na Mombasa, jinsi ya kusema nilichanganyikiwa, jinsi ya kusema sikuwa najielewa. Yalimjia yote hadi ulimini na hakuna hata moja lililokuwa la kumwambia mama yake.

"Maua iko kwanza, Mama," alisema.

 Mama aliendelea kuitazama ile picha hadi mwanga wa simu ulipozimika wenyewe.